Kamba Ije Mwisho

Mzigo mzito huanza kuanguka kabla utingo hajavuta kamba chini ya kiti. Huanza pale unapowekwa juu ya bodi lenye mchanga, au unaposogezwa nyuma ili mbele pabaki nafasi ya magunia ya mtu mwingine, au mwenye mali anapoulizwa uzito akajibu, "Si mzito sana, tuliunyanyua vijana wanane." Yakishatokea hayo, kamba hulaumiwa bure. Nenda kaangalie lori lililomwaga mashine kwenye kona: mara nyingi utaikuta kamba ingali nzima, fundo lake halijafunguka, ila mzigo ulichomoka chini yake.

Ushauri huu ni wa dereva, utingo na mwenye mzigo wa huku kwetu, iwe ni Kagondo ya Muleba yenye hospitali au Kagondo ya Manispaa ya Bukoba. Mizigo yetu ina tabia zake. Lami ya kutoka Mutukula kupitia Bukoba, Muleba na Biharamulo hadi Lusahunga imetuzoesha mwendo, lakini safari nyingi haziishii kwenye lami. Zinaishia katikati ya migomba, kwenye njia ya udongo mwekundu yenye upana wa lori moja, au kwenye mteremko wa kushukia ziwani. Huko ndiko inakopelekwa mashine ya kukoboa kahawa, jenereta, transfoma na nguzo za umeme wa vijijini, simtanki la shule, mtumbwi wa mvuvi anayevuka kwenda Bumbire au Goziba. Na sasa limekuja bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, ambalo kwa Kagera linapita Missenyi, Bukoba, Muleba na Biharamulo. Kipande kimoja cha bomba hilo kina urefu wa mita 18 na uzito wa zaidi ya tani 2. Kwenye trela bapa, lile lisilo na kuta, mzigo wa namna hiyo hauna cha kuegemea isipokuwa akili ya aliyeupakia.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulielewa nusu. Breki za lori hushika magurudumu. Mzigo hauna breki. Gari likisimama ghafla, mzigo unaendelea na safari yake ileile mpaka kitu kiuzuie. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinakubaliana hapa: mzigo ufungwe kwa namna ambayo ukisukumwa mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake hausogei, na ukisukumwa pembeni au nyuma kwa asilimia 50 hausogei pia. Mashine ya tani 10, basi, lori likifunga breki za dharura inaweza kuusukuma ukuta wa kibanda cha dereva kwa tani 8. Hakuna kibanda kilichotengenezwa kuhimili hilo.

Sasa tazama mama anayepanda kutoka kisimani na ndoo kichwani. Hajaifunga ndoo kwa kamba kidevuni. Ameweka ngata. Ngata inazuia ndoo isiteleze, inaipa kitako, na shingo inafanya mengine. Mzigo wa lori unataka ngata yake kwanza, ndipo kamba ifuate.

Nitalithibitisha hilo kwa hesabu, kwa sababu hapa ndipo ubishi unapokuwa mwingi gereji. Tuseme tunapeleka jenereta hospitali ya Kagondo, tani 6 pamoja na kasha lake. Imekaa kwenye miguu ya mbao juu ya bodi la chuma. Msuguano wa mbao na chuma ni kama asilimia 30, yaani uzito wenyewe unaizuia jenereta kwa nguvu ya tani 1.8. Breki za dharura zitaisukuma kwa tani 4.8. Zimebaki tani 3 za kutafutiwa dawa. Utingo anatoa mikanda ya kukaza kwa racheti, ile mipana ya sentimita 5, yenye lebo inayosema tani 5, na anapitisha miwili juu ya kasha. Miwili mara tano ni tani 10, anasema, tumezidisha hata.

Lebo imemdanganya, au tuseme ameisoma vibaya. Tani 5 ni uwezo wa mkanda kuvumilia kuvutwa kabla haujakatika, na kwa kufunga mizigo unahesabiwa nusu tu ya hapo. Lakini mkanda uliopitishwa juu ya mzigo hauvutwi kwa tani 5. Unavutwa kwa nguvu ya mkono wa mtu aliyekaza racheti, nayo kwa kawaida inafika kama kilo 300. Kazi ya mkanda huo ni kuukandamiza mzigo chini, basi. Unakandamiza kilo 300 upande huu na kilo 300 upande ule, jumla 600, na asilimia 30 ya hizo ni kilo 180 za kuzuia mtelezo. Gawa kilo 3,000 kwa 180: unahitaji mikanda 17. Miwili yake ni pambo.

Hesabu hiyohiyo, badilisha kitu kimoja tu. Weka vipande vya mpira mgumu chini ya miguu ya jenereta, mpira usio na mafuta wala matope. Msuguano unapanda hadi kama asilimia 60. Jenereta sasa inajizuia yenyewe kwa tani 3.6, zinabaki tani 1.2, na kila mkanda unachangia kilo 360 badala ya 180. Mikanda 4 inatosha. Kutoka 17 hadi 4, kwa vipande vya mpira ambavyo vingine huweza kukatwa kwenye tairi chakavu zilizotupwa nyuma ya gereji za Bukoba. Mikeka ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hii ni bora zaidi kwa sababu unene wake ni sawa pote na ubora wake umepimwa, lakini kama huna, tairi lisilo na nyaya zilizochomoza ni afadhali mara kumi kuliko chuma juu ya chuma. Chuma juu ya chuma ni asilimia 10 hadi 20 tu. Kikilowa mafuta, ni barafu.

Ndiyo maana chombo cha kwanza cha kufungia mzigo ni ufagio. Mchanga na kokoto za mzigo wa jana hugeuka magurudumu madogo chini ya mzigo wa leo. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni. Na Bukoba ni moja ya sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania, kwa hiyo usiseme utafagia msimu wa kiangazi. Fagia, futa mafuta, ndipo umwite mtu wa kreni.

Nimeona pia watu wakitumia kigogo cha mgomba kama kabari, kwa kuwa kiko karibu na hakina bei. Tafadhali. Mgomba una maji, unapondeka, na ukishapondeka kamba zote ulizokaza zinalegea kwa pamoja. Afadhali hata usingeweka kitu, maana ungejua huna kitu.

Baada ya ngata huja kuta. Njia ya uhakika kuliko zote ya kuzuia mzigo usiende mbele ni kuusogeza ukaegemea kitu kisichoondoka: bodi la mbele la trela, kama lina nguvu ya kweli, au gogo la mbao ngumu lililopigiliwa au kubanwa kwa bolti sakafuni. Ukibakiza nafasi ya nusu mita kati ya mzigo na bodi la mbele, mzigo utapata mwendo kabla ya kugonga, na kitu cha tani 6 chenye mwendo ni nyundo. Ijaze nafasi hiyo kwa mbao, kwa paleti, kwa chochote kisichopondeka. Hapa dereva atakuja na hoja ya haki: mzigo ukiegemea mbele kabisa, ekseli za mbele zitazidiwa na mizani itanikamata. Ni kweli, na nitairudia hoja hiyo mbele kidogo. Jibu fupi ni kwamba mahali pa mzigo pachaguliwe na ekseli, halafu kizuizi kifuate mzigo ulipo. Gogo linaweza kubanwa katikati ya trela.

Kwa mashine nzito, mkanda wa kupita juu si chaguo langu la kwanza hata ukiwa na mpira chini. Mnyororo wa moja kwa moja ndio wenye heshima: ncha moja kwenye mashine, ncha ya pili kwenye trela, kikazio katikati. Mnyororo wa namna hii haukandamizi, unashika. Hapo uwezo wake wote unatumika. Mnyororo wa milimita 8 wa daraja la 80, uliotengenezwa kwa kufungia mizigo, unahesabiwa kuvumilia tani 4 za kufunga. Wa milimita 10 ni tani 6.3. Namba ya daraja hupigwa muhuri kwenye pete zenyewe, kila baada ya hatua fulani. Mnyororo usio na namba yoyote ni wa kufungia geti, hata ukiwa mnene kama kidole gumba.

Watu hukosea mwelekeo. Minyororo inayozuia mashine isiende mbele ni ile inayotoka kwenye mashine kuelekea nyuma ya trela. Ile inayoelekea mbele inazuia isirudi nyuma. Kwa hiyo mashine inataka minyororo minne, kila kona mmoja, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, na yote ikitanuka kidogo kuelekea pembeni ili kona ya barabara nayo iwe na mlinzi. Kwa mitambo yenye magurudumu au nyororo za kutembelea inayozidi takriban tani 4.5, kanuni za Marekani zinadai minne hiyo kuwa ndiyo idadi ya chini kabisa. Zinadai pia kwamba ukijumlisha uwezo wa vifungio vyote upate angalau nusu ya uzito wa mzigo. Nusu hiyo ni sakafu, usiishi sakafuni.

Pembe nayo ina ujanja wake, na inageuka kulingana na kazi. Mkanda wa kukandamiza unataka kusimama wima. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni, nusu ya nguvu yake imepotea, kwa sababu unauvuta mzigo pembeni zaidi ya kuubana chini. Mabati yaliyolazwa bapa, yenye kimo cha mguu wa mtu, hayakandamizwi na mkanda wa kupita juu kwa kiasi unachodhani. Weka mbao juu yake upandishe kimo, au tafuta njia nyingine. Mnyororo wa kushika moja kwa moja ni kinyume: ukisimama wima hauzuii mwendo wa mbele, ukilala unazuia vizuri. Nyuzi 45 au chini ya hapo kidogo ni pazuri.

Na mahali pa kufungia ncha: pete na mashimo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwenye fremu ya trela. Si kwenye ubao wa pembeni, si kwenye bomba la kushikia turubai, si kwenye springi. Kwenye mashine vilevile, tafuta sehemu zilizochorwa alama ya ndoano. Ukifunga kwenye ngazi au kwenye kishikio cha mlango, umefunga ngazi; mashine iko huru.

Turudi kwenye uzito na mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizopakana, tani 24 kwa tatu, na jumla isizidi tani 56. Madereva wanazijua namba hizi kuliko namba za simu za nyumbani. Wanachosahau wengine ni kwamba lori linaweza kuwa na jumla halali na bado likakutwa na kosa kwenye mizani ya Kyamyorwa kwa sababu mzigo umekaa vibaya na ekseli moja imebeba ya mwenzake. Mbaya kuliko faini ni hali ya usukani. Mzigo ukikaa nyuma mno, mbele ya gari kunakuwa kwepesi na usukani hauna mamlaka, hasa mnapopanda kilima. Ukikaa upande mmoja, springi za upande huo zimeshakwisha kazi kabla hujafika kona ya kwanza.

Kwa hiyo uliza uzito, na uulize uzito unakaa wapi. Jenereta nyingi ni nzito upande wa injini. Mashine ya kukoboa kahawa ina juu kuzito kuliko miguu ilivyo mipana. Hii usiisafirishe ikiwa imesimama kama inaweza kulazwa salama au kufunguliwa vipande. Transfoma ina mafuta ndani na masikio ya vigae juu. Isilazwe, na kamba isipite kwenye masikio wala kwenye mapezi ya kupozea. Kama kibandiko cha kiwanda kipo, kisome. Kama hakipo, pitisha lori mizani kabla ya kuondoka, si baada ya kukamatwa. Mzigo unaozidi upana, urefu au uzito wa kisheria unahitaji kibali maalumu kabla ya safari, na jina la dalali wako halitasomeka kwenye karatasi yoyote ya trafiki.

Vitu virefu vya mviringo nitavikalia kidogo, kwa sababu huku vinapita kila siku: nguzo, magogo ya mikaratusi, mabomba. Vina mambo mawili mabaya. Vinaviringika, na vile vya katikati ya rundo havishikwi na kamba yoyote, vinashikwa na wenzao tu. Rundo la nguzo likipoteza nguzo moja, limepoteza zote. Lazima pande zote mbili ziwe na vyuma vya kusimama vilivyoingia kwenye mifuko yake, virefu kuliko rundo. Nguzo ya juu kabisa isivuke kimo cha vyuma hivyo; ile "moja ya mwisho tu, bosi" ndiyo inayoua mwendesha bodaboda. Halafu funga mikanda inayozunguka rundo lenyewe likawa kitu kimoja, kisha mingine inayolibana rundo na trela. Nguzo zilizotoka kwenye dawa zinateleza, na gome la mkaratusi mbichi linabanduka likiwa limefungwa, kamba inabaki imekumbatia hewa. Gogo bichi litolewe gome pale kamba inapopita, au likazwe upya mapema sana. Mabomba yenye ganda la kinga hulazwa juu ya mbao zilizofunikwa mpira, yakapigiwa kabari pande zote, yakafungwa kwa mikanda mipana, si mnyororo mtupu, maana mnyororo unachubua ganda na hapo palipochubuka ndipo kutu itakapoanzia chini ya ardhi.

Nondo ni nyoka. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilijenga upya, na ujenzi haujasimama. Nondo za mita 12 zinapanda Fuso zenye bodi fupi kuliko hizo. Wengine wanazikunja, wengine wanaziacha zikokotwe barabarani zikichora lami. Hatari yenyewe lakini iko mbele. Nondo ni chuma juu ya chuma, kila moja inaweza kuchomoka peke yake kama mshale, na nyuma ya dereva kuna bati jembamba. Zipangwe ncha zake za mbele zikiwa sawa, zimegusa bodi la mbele, na vifurushi vifungwe kwa mzunguko kamili sehemu nne au tano kabla ya kufungwa kwenye gari. Zinazochomoza nyuma zipate kitambaa chekundu mchana na taa usiku. Kama lori ni fupi mno, tafuta lori lingine. Hilo silijadili.

Simtanki ni tabia nyingine kabisa: kubwa, jepesi, linapenda upepo. Hapa mtu huvuta racheti kwa nguvu zote kama anafunga katapila, tanki linabonyea, na likifika juani linajirudi umbo na mkanda unalegea. Fungeni mfuniko au uvueni mwende nao ndani ya gari. Lazeni tanki kwenye vitako, kamba nyingi zenye mvuto wa wastani, moja ikizunguka kitako cha tanki na kurudi mbele ili lisirushwe na upepo wa lori linalopishana nanyi.

Mtumbwi ugeuzwe kifudifudi, ukae juu ya mbao mbili zenye magunia, ufungwe penye mbavu zake. Injini isafiri peke yake.

Eskaveta au katapila juu ya lobedi: kijiko kishushwe mpaka kiguse sakafu ya trela, breki ya kuegesha ishikwe, kufuli la mzunguko wa juu lifungwe, funguo ziwe mfukoni mwa opereta. Kijiko nacho kina mnyororo wake. Matope kwenye nyororo za kutembelea yakwanguliwe kabla ya kupanda, kwa sababu ileile ya ufagio. Kisha mtu ashuke apime kimo kutoka ardhini hadi sehemu ya juu kabisa, aandike, awape dereva na utingo. Waya za umeme zinazovuka njia za vijijini hazikuwekwa kwa kumfikiria opereta wako.

Sasa vifaa. Mkanda wenye mkato pembeni, hata mdogo, umeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, kwa kuwa nyuzi za ukingoni zikianza kuachia mwendo ni mmoja. Fundo kwenye mkanda ni kosa. Usiunganishe mkanda uliokatika kwa kuufunga fundo. Jua linaufanya mkavu na mweupe. Ukiupiga kucha ukatoa unga, umekwisha. Penye ncha kali za chuma weka kipande cha tairi au chuma cha pembe chini ya mkanda. Kamba ya katani tunaipenda na ni yetu, lakini ikilowa hukaza na ikikauka hulegea, na kati ya Muhutwe na Muleba unaweza kupita mvua na jua mara mbili. Ifungie turubai. Mzigo mzito uachie mnyororo na mkanda.

Desturi ya kukaza kamba kwa kuipindisha na fimbo au nondo inajulikana kila mahali na inafanya kazi mpaka fimbo inapochomoka. Ikichomoka inatafuta meno ya mtu. Kikazio cha wenzo cha mnyororo kina hasira hiyohiyo: usikiongezee bomba ili upate nguvu, na usiinamishe uso juu yake unapokifungua. Kile cha skrubu ni ghali kidogo na ni cha taratibu. Mimi ningelinunua hicho na kuuza kile cha wenzo kwa mtu nisiyempenda.

Umemaliza kufunga. Chukua chaki au rangi, chora mstari unaoanzia kwenye mzigo na kumalizikia kwenye bodi, sehemu mbili au tatu. Mstari ukikatika njiani, mzigo umesogea, na hakuna wa kubishana naye. Kisha nenda kilomita chache tu na usimame. Mzigo hukaa sawa katika mtikisiko wa kwanza, mbao hubonyea, mikanda hupumua. Ukitoka Kagondo ya Muleba kwenda upande wa Bukoba, simama Muhutwe. Ukielekea Biharamulo, simama Muleba mjini. Ukipita kipande kibaya cha udongo kabla ya kuingia lami, simama pale lami inapoanza, kabla hujapata kasi. Gusa kila mnyororo kwa mkono. Usitazame kwa kioo. Baada ya hapo, kila saa mbili au tatu, na kila baada ya breki ya ghafla hata kama ilikuwa ya mbuzi.

Mwenye mzigo, na wewe una lako. Unapomlipa dereva kwa safari na kumpigia simu kila nusu saa ukiuliza amefika wapi, unamnunulia ajali. Saa moja ya kufunga ni sehemu ya safari, ilipe. Uliza kabla hujakubaliana bei: una minyororo mingapi, ya daraja gani, una mpira, una mbao? Dereva mzuri atafurahi kuulizwa. Mwingine atasema, "Tumebeba hivi miaka yote." Huyo mwache abebe ya wengine. Na usikubali hata siku moja vijana wakae juu ya mzigo "kuushikilia." Mtu hashikilii tani 6, na akiteremka nazo hakuna hesabu itakayomrudisha.

Imebaki kushusha, na hapa watu huumia wakiwa wameshapumua kwa kudhani kazi imekwisha. Mzigo uliosogea njiani unaweza kuwa umeegemea mkanda mmoja tu, na mkanda huo ndio unaozuia nguzo zote zisimwagike. Kabla ya kufungua chochote, zunguka lori, tazama mistari ya chaki, tazama ni mkanda upi uliokaza kuliko mingine. Huo ufunguliwe wa mwisho, kreni au gari la kunyanyulia likiwa limeshaushika mzigo. Kila mtu asimame upande ambao mzigo hauinamii, watoto wa kijiji wafukuzwe mbali kwa ukali, lori liwe mahali tambarare na mawe yawe chini ya matairi. Legeza kidogo, ngoja, tazama, legeza tena. Mikanda ikishatoka, ikaguliwe palepale kabla ya kukunjwa, na ule wenye mkato ukatwe vipande vifupi kwa panga mbele ya utingo, maana ukitupwa mzima utarudi chini ya kiti kabla ya Jumatatu.